Safari ya Nyumba Nzima: Vizazi Vitatu Barabarani na Malezi ya Imani

Kila mwaka, juma la tatu la Desemba linapoanza, mchungaji anayehudumu katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Shinyanga huona usharika wake ukibadilika. Washarika waliotoka Kilimanjaro, Kagera na kwingineko, ambao mwaka mzima wameimba kwaya, wamehesabu sadaka na kufundisha shule ya Jumapili, hufunga maduka yao na kupanda magari kwenda kwao. Siku hizo hizo, miji midogo kama Kharumwa, iliyo makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale, huwapokea wana wake waliotawanyika: walioajiriwa Dar es Salaam na Dodoma, na wale ambao wazazi wao waliswaga ng'ombe kuelekea kusini, hata leo Wasukuma wamekuwa wengi Mbeya, Rukwa, Katavi na bonde la Kilombero. Barabara ile ile huwachukua hawa na kuwaleta wale, na asubuhi ya Krismasi mhubiri husimama mbele ya nyuso ambazo nyingi kati ya hizo hazifahamu.

Safari hizi mara nyingi si za mtu mmoja. Ndani ya gari moja, liwe Noah la kukodi au Hiace ya ndugu, hukaa bibi au babu, mwana wao afanyaye kazi au biashara, mkewe, na wajukuu. Wengine husafiri kwa ajili ya harusi au kipaimara, wengine kwa ajili ya kuweka msalaba kaburini. Tena siku hizi wapo wanaosafiri kwa mapumziko tu, yaani kumwonyesha bibi bahari kabla hajafa, au kuwaonyesha watoto wanyama ambao watalii wa ng'ambo wamewaona na wao hawajawaona. Katika masomo ya theolojia ya huduma tunafundisha habari za ndoa, za ugonjwa na za mazishi. Habari za jamaa iliyomo garini hatuzifundishi, kana kwamba kati ya kituo kimoja na kingine mtu hana roho wala Mungu hana la kusema naye. Makala hii yataka kuonyesha kwamba Maandiko yanaitazama safari ya namna hiyo kuwa shule ya imani, na kwamba swali la mchungaji juu yake halipasi kuwa fedha kiasi gani zimetumika. Swali lake ni nani amepanda na nani ameachwa.

Nani watakaokwenda?

Swali hilo halikubuniwa na mimi. Aliyeliuliza kwanza ni Farao. Katika Kutoka sura ya 10, baada ya pigo la nzige kutangazwa, watumishi wa Farao wanamshauri awaachie Waebrania. Naye anamwita Musa tena na kumwuliza ni akina nani hasa watakaokwenda (Kut. 10:8). Jibu la Musa lina orodha: vijana na wazee, wana na binti, kondoo na ng'ombe, kwa kuwa wana sikukuu ya Bwana. Farao anakataa. Yuko tayari kuwaachia wanaume peke yao. Watoto na wabaki.

Tukisoma haraka twaweza kudhani Farao alikuwa akipunguza hasara tu. Lakini tuangalie anachokubali na anachokikataa. Ibada anaikubali. Hana neno juu ya watu wazima wenye nguvu kwenda jangwani kumwabudu Mungu wao, mradi dhamana ibaki mkononi mwake. Baadaye, giza likiisha kuifunika nchi, anaongeza kidogo: watoto waende, mifugo ibaki (Kut. 10:24). Musa anasema hata ukwato mmoja hautaachwa. Msomaji Msukuma hahitaji kufafanuliwa mstari huo. Anajua kwamba nyumba isiyokuwa na ng'ombe wake njiani ni nyumba iliyokubali kurudi.

Kwa hiyo wokovu wa Israeli unaanza kwa ubishi juu ya abiria. Na masharti ya Farao, ibada ya wenye nguvu peke yao, hayakufa pamoja naye katika Bahari ya Shamu. Katika nchi ya dhahabu masharti hayo yanatekelezwa bila mtu yeyote kuyatamka. Migodi mikubwa ya Geita na Bulyanhulu, iliyoanza uzalishaji mwaka 2000 na 2001, huwachukua wenye elimu na afya. Wachimbaji wadogo nao huhama duara hili kwenda duara lile, kila habari za dhahabu zinapotokea mahali papya. Mwanamume huenda peke yake. Akipata fedha, huenda mbele zaidi. Akikosa, huona aibu kurudi. Nyumbani hubaki bibi, wajukuu, na shamba la pamba au mpunga. Watu hao hao waliobaki ndio wanaojaza kanisa Jumapili, nasi tumezoea hali hiyo hata tunaiita ya kawaida.

Fedha iliyofungwa mkononi

Hapa huja pingamizi, na ni pingamizi la Kilutheri hasa. Mwaka 1520, katika waraka wake kwa wakuu wa taifa la Ujerumani, Martin Luther aliandika kwa ukali juu ya hija. Yeye mwenyewe alikuwa amekwenda Roma katika miaka ya 1510 na 1511, na aliyajua aliyoyasema. Mtu, alisema, hutumia fedha nyingi kwenda Roma, wala hakuna aliyemwamuru, huku mkewe na watoto wake au jirani yake wakihangaika nyumbani. Hudhani anamtumikia Mungu kwa mwendo wa miguu yake, kumbe amri ya Mungu imeketi nyumbani mwake ikimngoja. Tangu hapo sisi Walutheri tumekuwa wazito kuona jambo la kiroho katika safari. Mshirika anapotumia mapato ya msimu mzima kulipia gari hadi Moshi na kurudi, wazee wa kanisa hukumbuka ahadi yake ya jengo na kununa.

Lakini hoja ya Luther isomwe yote. Kosa la msafiri yule lilikuwa kuwaacha mke na watoto. Kama angewachukua, na kama safari ingekuwa ya kumheshimu mama yake mzee, hoja ile ingegeuka upande wa pili, kwa sababu mwito alioutetea Luther ulikuwa mwito wa nyumba. Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 iliandikwa kwa ajili ya mwenye nyumba, ili awafundishe watu wa nyumbani mwake kwa maneno mepesi. Na katika Katekisimo Kubwa ya mwaka huo huo, akieleza amri ya siku ya mapumziko, Luther hakuona haya kusema kwamba siku hiyo ni kwa ajili ya mwili pia: watumishi na vibarua waliofanya kazi juma zima wapate kupumzika na kuburudika. Mapumziko ya mwili kwake hayakuwa anasa ya kuombewa radhi.

Torati inakwenda mbali zaidi, mpaka wahubiri wengi huupita mstari wenyewe kimya kimya. Kumbukumbu la Torati 14:24–26 linazungumza na mtu ambaye njia ya kwenda mahali patakatifu ni ndefu mno kwake. Auze fungu lake la kumi, afunge fedha mkononi, aende. Na akifika anunue chochote ambacho roho yake inatamani, ng'ombe au kondoo au divai, ale mbele za Bwana na kufurahi, yeye na nyumba yake. Fungu la kumi! Nimewahi kulisoma andiko hili darasani na kuona wanafunzi wakitazamana, kila mmoja akiwaza hazina ya usharika wake. Mstari unaofuata unawatuliza kidogo, maana unaagiza Mlawi asisahauliwe. Hata hivyo maana yake iko wazi. Mungu wa Israeli anaiweka safari ya furaha ya nyumba nzima ndani ya bajeti ya ibada.

Na sura ya 16 inaitaja nyumba hiyo kwa majina ya hali zao: mwana, binti, mtumwa, mjakazi, Mlawi, mgeni, yatima na mjane (Kum. 16:11, 14). Msomaji makini atasema kwamba mstari wa 16 unawalazimisha wanaume peke yao. Ni kweli, na tofauti hiyo ina mafunzo. Wajibu umewekwa juu ya wanaume, kwa kuwa mwenye mimba na mwenye kunyonyesha hawezi kulazimishwa kutembea siku tatu. Furaha imewekwa juu ya wote. Farao alitaka wanaume peke yao ili wengine wawe rehani. Torati inawalazimisha wanaume peke yao ili wengine wawe huru. Maneno yanakaribiana, roho zake ni mbili.

Msafara wa Nazareti

Luka anatuambia kwamba wazazi wa Yesu walikwenda Yerusalemu kila mwaka kwa sikukuu ya Pasaka (Lk. 2:41). Mariamu hakulazimika, ila alikwenda. Kutoka Nazareti hadi Yerusalemu ni zaidi ya kilomita 100, mwendo wa siku tatu au nne kwa miguu, na watu walikwenda kwa makundi ya jamaa na wanakijiji.

Mahubiri mengi juu ya habari hii huwalaumu Yusufu na Mariamu: mzazi gani atembee siku nzima bila kujua mtoto alipo? Lawama hiyo hutoka kwa watu waliozoea kusafiri wakiwa wanne. Luka anaeleza sababu yao kwa urahisi kabisa: walidhani yumo katika msafara, wakamtafuta miongoni mwa jamaa na wenzao (Lk. 2:44). Mtoto wa miaka kumi na miwili aliweza kuwa mkononi mwa shangazi, au akitembea na babu wa jirani, na mama yake asihangaike hadi jioni. Aliyelelewa kijijini Usukumani anaelewa mara moja. Mtoto aliyekosekana wakati wa chakula cha mchana amekula kwa mama mdogo. Injili haimwonyeshi Mwana wa Mungu akikua katika nyumba ya watu watatu iliyofungwa mlango, kama picha zetu za Krismasi zilivyotuzoesha. Inamwonyesha akikua ndani ya jamaa, na jamaa hiyo iko njiani.

Lakini habari haiishii kwenye sifa za ukoo, na hapa tahadhari inahitajika kwetu sisi tunaopenda kusema kwamba undugu wa Kiafrika tayari ni Injili. Mtoto hakupatikana kwa jamaa. Alipatikana hekaluni, na neno lake la kwanza katika Injili ya Luka linawakumbusha wazazi kwamba yuko Baba mwingine (Lk. 2:49). Kisha alishuka pamoja nao, akawatii (mst. 51). Mambo yote mawili yasemwe. Safari ya jamaa ndiyo iliyomfikisha hekaluni, na alipofika hekaluni, jamaa haikuwa tena na neno la mwisho juu yake. Baba anayewapeleka watoto kwao ili mizimu ya ukoo iwatambue, na baba anayewapeleka ili wamsikie bibi akieleza jinsi alivyobatizwa, wanaweza kupanda gari moja na kufika boma moja. Hawakufanya safari moja.

Ndani ya gari

Tuangalie sasa yanayotokea njiani. Jamaa inayotoka Kharumwa kwenda kusini hushika Kahama, Nzega na Igunga, kisha hupanda Sekenke kuelekea Singida. Hapo njia hugawanyika, moja kwenda Dodoma na pwani, nyingine kwenda Babati, Arusha na Moshi. Ni mwendo wa siku nzima na zaidi. Katika saa hizo mtu hana pa kwenda. Hapo ndipo Kumbukumbu la Torati 6:7, linaloagiza maneno ya Mungu yazungumzwe nyumbani na njiani, linapopata mahali pake halisi. Tumeliweka zaidi upande wa nyumbani. Watoto wa leo, ambao nyumbani huketi na simu, njiani wanaweza kuwa wasikivu kuliko mezani, hasa mtandao unapokatika nyikani.

Tena kuna utani. Katika makabila yetu mengi babu na mjukuu ni watani: babu humwita binti wa miaka saba mke wake, naye binti humwambia kuwa ni mzee mno, hamtaki. Wageni hucheka na kuona ni mchezo. Kazi yake ni kubwa kuliko mchezo, kwa maana kati ya baba na mwana iko heshima inayofunga kinywa, na kati ya babu na mjukuu iko ruhusa ya kuuliza lolote. Mjukuu atamwuliza guku wake kwa nini aliacha wake wengine alipobatizwa, au kwa nini hakuwaacha. Atamwuliza kama anaogopa kufa. Baba, aliye kwenye usukani, husikia majibu ambayo yeye mwenyewe hangethubutu kuyaomba. Kutoka 12:26, Kumbukumbu la Torati 6:20 na Yoshua 4:6 zote zinategemea mtoto aulize. Mwenye kupanga safari afikirie basi nani aketi karibu na nani. Mzee hutupwa kiti cha nyuma pamoja na mizigo, ambako hasikii wala hasikiki, nasi tunashangaa kwamba imani haipokezwi.

Na njia yenyewe huuliza. Pale Sekenke Wajerumani walianza kuchimba dhahabu mwaka 1909. Mtoto wa Kharumwa atajua kwamba nchi yake si ya kwanza kuchimbuliwa. Karne moja kabla ya lami, Wasukuma na Wanyamwezi walikwenda pwani kwa miguu wakibeba pembe za ndovu kwa miezi, na wanawake na watoto walikuwamo katika misafara hiyo. Jamaa nyingine ielekee kaskazini. Tangu Juni 2025 lipo daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, na aliyekuwa akingoja kivuko kwa saa nyingi sasa huvuka kwa dakika chache. Ng'ambo ya Mwanza, huko Kisesa, ipo Bujora, ambako padre David Clement, Mkanada wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, alijenga kanisa na makumbusho ya Wasukuma. Katika miaka ya 1950 maandamano ya sikukuu ya Ekaristi yaliunganishwa huko na ngoma za mavuno, na sikukuu hiyo hujulikana kwa jina la Bulabo, yaani maua. Vyama vya Bagika na Bagalu hushindana kucheza, wazee na watoto hutazama. Mlutheri ana maswali yake juu ya kuandamana na Ekaristi, nami ninayo. Lakini bibi akimweleza mjukuu wake pale Bujora ni ngoma ipi aliicheza kabla ya kubatizwa, na ni ipi hakuona sababu ya kuiacha, somo la Injili na utamaduni limefundishwa, na mwalimu ni bora kuliko sisi.

Tusipake sukari. Watu wa nyumba moja wakifungiwa garini hugombana. Elkana alikwenda Shilo mwaka kwa mwaka na nyumba yake yote, na ni katika safari hizo Penina alimchokoza Hana hata akalia asile (1 Sam. 1:3–7). Biblia haikuficha kwamba hija ya familia ilikuwa mahali pa machozi. Hapo hapo Hana alipata sala yake. Na mwaka uliofuata kuzaliwa kwa Samweli hakwenda, alisema atangoja mtoto aachishwe ziwa, na mumewe akamwambia afanye aonalo vema (1 Sam. 1:22–23). Wakwe wengi wanaomlazimisha mzazi wa juma la tatu apande basi ili ukoo umwone mtoto wangefaa kusomewa mistari hiyo miwili.

Zaburi 120 hadi 134, ambazo Biblia yetu inaziita nyimbo za kupanda mlima, zinafaa sana kwa gari la vizazi vitatu. Ndani yake wamo msafiri anayehofu jua na mguu kuteleza, mtoto aliyeachishwa ziwa, ndugu wanaokaa pamoja, na mzee anayebarikiwa kuwaona wana wa wanawe (Zab. 128:6). Ni kumi na tano, fupi zote isipokuwa ile ya 132. Zaburi moja kila gari linaposimama watu wachimbe dawa ni ibada ya kutosha. Asiwepo wa kuhubiri.

Bibi aliyeachwa

Nimesema swali ni nani ameachwa, na katika nchi ya Usukuma swali hilo lina uzito ambao hatuwezi kuuzunguka. Kwa miongo mingi, katika Shinyanga, Mwanza na Geita, wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Macho mekundu yamehesabiwa kuwa ushahidi, ingawa mwekundu wa macho huyo amepika maisha yake yote kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe ndani ya jiko lisilo na moshi wa kutokea. Mara nyingine nyuma ya ramli ya mganga ipo tamaa ya shamba la urithi. Serikali, Kanisa Katoliki, AIC na sisi wenyewe tumekemea, nasi tutaendelea kukemea.

Lakini tuangalie bibi huyo yukoje. Anaishi peke yake au na mjukuu mmoja mdogo. Wanawe wako migodini au mijini. Mtoto wa mwanawe akiugua huko mbali, habari humfikia kwa simu ya jirani, na swali la nani amemloga mtoto hurudi kwa simu hiyo hiyo. Wajukuu wanamjua kwa jina tu, na kwa tuhuma. Sisemi kwamba safari ya Desemba inazuia panga. Nasema kwamba tuhuma hustawi mahali ambapo mtu amegeuka kuwa habari. Mjukuu aliyelala begani kwa bibi kutoka Nzega hadi Singida, aliyemwona akiogopa mawimbi ya Kigamboni na kucheka, ataambiwa siku moja kwamba macho yale ni ya mchawi. Atakuwa na kitu cha kujibu. Amri ya nne inatimizwa na watu wanaofahamiana. Heshima kwa bibi ambaye hujapata kuketi naye ni ngumu kuwa na mwili.

Yakobo alipoletewa habari za Yusufu moyo wake ulikufa ganzi. Ni alipoyaona magari yaliyotumwa kumchukua ndipo roho yake ilipofufuka (Mwa. 45:26–27). Neno magari hapo katika Biblia ya Kiswahili huwachekesha watoto, nami huwaacha wacheke, kwa sababu wameelewa. Yusufu hakumtumia baba yake fedha tu. Alituma usafiri wa kumfaa mzee, wanawake na watoto wadogo, na watu sabini wa nyumba ya Yakobo wakashuka Misri. Njiani mzee ndiye aliyesimamisha msafara, Beer-sheba, ili atoe sadaka, na usiku ule Mungu alisema naye kuhusu hofu yake ya kufia ugenini (Mwa. 46:1–4). Vijana wenye haraka wangepita.

Kazi ya mchungaji

Yapo mambo yanayotupasa sisi tuliopewa usharika. La kwanza ni ajali. Serikali ilizuia mabasi kusafiri usiku katika miaka ya 1990 kwa sababu ya vifo barabarani, ikaruhusu tena mwaka 2023. Gari la nyumbani halikuzuiwa wakati wote huo. Baba aliyefunga duka saa mbili usiku na kushika usukani saa tatu, akiwa na mama yake na watoto sita, anaivunja amri ya tano kabla hajafika Nzega. Jambo hili lisemwe mimbarani Jumapili ya pili ya Majilio, waziwazi, pamoja na idadi ya watu garini. Kuombea safari bila kusema hayo ni kumjaribu Bwana. Tangu mwaka 2024 ipo treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na kwa mzee mwenye shinikizo la damu ni nafuu kubwa kwa sehemu hiyo ya njia.

Jingine ni ubatizo na kipaimara. Familia nyingi hupenda mtoto abatizwe kwao, mbele ya babu na bibi, na wachungaji wa Kilimanjaro hujikuta na watoto wengi wa kubatiza katika siku tano. Barua ya utambulisho hutolewa kwa haraka, mara nyingine kwa kijana ambaye mchungaji hajapata kuzungumza naye. Naona afadhali tuiandike Novemba, tukiwaita wazazi, na tuwaulize ni nani kati ya wazee huko atakayemsimulia mtoto ubatizo wake baada ya wao kurudi. Na upande wa wanaopokea: Jumapili baada ya Krismasi wageni wasisimamishwe tu wataje majina na kupigiwa makofi. Mzee mmoja apewe dakika kumi za kusimulia jinsi neno lilivyofika kijijini, wajukuu wakiwa wameketi mbele.

Mwisho ni haki ya kukataa. Mfalme Daudi alimwalika Barzilai avuke naye Yordani aende kuishi Yerusalemu. Barzilai alikuwa na miaka themanini. Alijibu kwamba hawezi tena kuonja chakula wala kusikia sauti za waimbaji, na aachwe afe katika mji wake, karibu na kaburi la baba yake na mama yake, ila Kimhamu aende badala yake (2 Sam. 19:31–38). Daudi hakumlazimisha. Alivuka naye, akambusu na kumbariki, kisha mzee akarudi kwake (mst. 39). Wapo wazee ambao safari ya kilomita mia nane ni mateso kwao, na mwana mwenye gari jipya huona kukataa kwao ni kumdharau. Mwambieni habari za Barzilai. Na kama bibi amebaki, mzee wa kanisa wa mtaa wake aandikiwe siku za kumtembelea, majirani wajulishwe kwamba anatembelewa, na Chakula cha Bwana apelekewe nyumbani ndani ya juma la Krismasi, kabla ya gari kurudi.